Tisa Mbele ya Baba

Kwetu Moiben mwanamume hutahiriwa bila kukunja uso, na baba yangu alilihesabu hilo kuwa cheti cha maisha. Kwa hiyo nilipopasuliwa tumbo mara ya kwanza, utumbo ukiwa umejisokota, na sista akaniuliza maumivu ni ngapi kati ya kumi, baba akiwa ameketi kando ya kitanda, nilijibu, "Sifuri." Sista akaandika sifuri. Dawa sikuongezewa, sifa nilipata. Kwa kuogopa mshono sikuvuta pumzi vizuri wala kukohoa. Kifua kikajaa, na kikohozi kilipokuja chenyewe, mshono wa ndani ukaachia. Ngiri ikachomoza pale pale kwenye kovu.

Nirudi kisuni kwa sababu ya sifa! Nilikasirika, na hasira hiyo nikaingia nayo katika hospitali moja mjini Eldoret.

Daktari wa nusukaputi, rika la binti yangu, alinieleza njia mbili.

"Naweza kukuwekea kamrija kembamba kwa mgongo. Hiyo inatuliza tumbo yote, lakini miguu inaweza kuwa mizito na presha ishuke. Ama nikudunge sindano pande mbili za tumbo. Ukuta wa tumbo unakufa ganzi, miguu inabaki na nguvu. Lakini uchungu wa ndani kabisa haitashika, na ganzi itaisha. Hiyo ingine lazima utuambie, tuongeze dawa."

"Hataambia mtu," akasema baba, aliyekuwa amenisindikiza. "Huyu ni mwanamume."

"Nidunge za tumbo," nikasema. "Na nitasema."

Siku iliyofuata upasuaji, ganzi ikiisha, sista wa hapo alikuja na swali lile lile: ngapi kati ya kumi? Baba alinikazia macho, yale yale ya siku ya kutahiriwa.

"Tisa," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho.

Baba alichukua kofia yake akatoka. Iliniuma, sikatai. Lakini ile tisa sikuirudisha. Sista aliniongezea dawa, nikangoja hadi maumivu yakashuka, nikaubana mto juu ya mshono na kukohoa nilivyofundishwa. Kisha nikateremsha miguu, na sista kando yangu, ikanibeba polepole hadi kwenye benchi la nje alikokuwa ameketi baba. Baada ya upasuaji wa kwanza, siku ya nne ilinikuta bado nimelala.

Alinitazama kuanzia miguuni hadi usoni. "Umetembea."

"Nimetembea, Baba. Na sasa hivi ni tatu."

Akasogea, nikaketi.