Nesi wa Alhamisi

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mdogo. Nilifika umri wa shule bado nasota chini, na mwalimu alimwambia mama kwamba atanipokea siku nitakayokwenda kwa miguu yangu.

Nesi wa zahanati alikuja kwetu kila Alhamisi kwa baiskeli. Alikuwa mtu wa Tanga, na Kisukuma kilimshinda kabisa. Hata jua la saa nane alimsalimia mama "mwangaluka", salamu ya asubuhi, na mama alicheka hadi akajishika mbavu. Alinikanda mguu kwa samli, akanisimamisha penye kinu, nami nikaenda na fimbo kuelekea mlangoni. Kisha alinipa chaki niandike mwenyewe, nyuma ya mlango, hatua nilizofika. Ndivyo nilivyojifunza tarakimu. Nikitembea tisa nikaandika kumi na moja, alifuta kwa kiganja, akanirudishia chaki. Nilikuwa mwongo wa hatua, nakiri.

Halafu tukaamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Baba aling'oa mlango akaupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, pamoja na vyungu na kuku. Nililia njia nzima, watu wakadhani nalilia nyumba. Nyumba niililie ya nini? Nililia kwa sababu ilikuwa Jumanne.

"Alhamisi atamkuta nani?" nilimuuliza mama.

Mama akasema ataulizia kwa watu. Watu gani, na majirani wote walikuwa nyuma yetu njiani?

Huko tulikohamia hakuja. Niliendelea peke yangu, kwa hasira, nikiandika kwa mkaa kwenye mlango uleule. Thelathini. Tisini. Siku nilipofika darasani kwa miguu yangu zilikuwa hatua mia tatu na sita. Mama alipiga vigelegele, mwalimu akaandika jina langu, na mimi nilinuna. Nilimtaka nesi.

Kabla ya mvua, baba alirudi kule kuchukua jiwe la mama la kusagia, nami nikang'ang'ania kupanda mkokoteni. Zilibaki kuta tupu. Pembeni mwa pale mlango ulipokuwa, ukutani, palikuwa na maandishi ya chaki. Baba alikuwa akisoma kisomo cha watu wazima. Aliyafuata kwa kidole, polepole.

"Umefika ngapi?"

Chini yake, maneno yaleyale. Na chini yake tena. Alhamisi tatu alikuja na baiskeli yake kuuliza ukuta.

Nikaokota mkaa mekoni, nikaandika 306, kubwa, nikikandamiza hadi mkaa ukavunjika. Baba alisimama na ng'ombe wake, hakuniharakisha.

Mvua zilianza wiki iliyofuata. Zahanati walimwambia baba kwamba nesi amehamishwa, wapi hawakujua. Sasa mimi ni mzee, na bado nikitembea nahesabu. Nikifika ninakokwenda nasimama kidogo, natamani aniulize.