Migono ya Mto wa Nyuma

Nilimsikia kabla sijamwona. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na ng'ambo, ndani ya matete, kitu kilikuwa kikilia ka, ka, ka, halafu kimya, halafu tena ka, ka. Nilisimama na ndoo mkononi nikisikiliza. Sauti za maji yale nilizijua zote, maana sikuwa na mtu mwingine wa kusikiliza. Kiboko akila hung'oa majani kwa mvuto mmoja mrefu. Fisi maji hupiga mluzi. Mamba hana sauti, ila vyura hunyamaza anapopita. Hii haikuwa yao. Kilikuwa kisu.

"Bibi," niliita, "kuna mtu anakata matete yetu."

"Tangu lini yakawa yetu?" bibi alijibu kutoka jikoni. "Mwache akate. Mungu ataotesha mengine."

Lakini alishuka, mwiko ukiwa bado mkononi. Ukungu ulipoinuka tulimwona mwanamke amesimama kwenye maji hadi magotini, kitenge amekifunga juu, mzigo wa matete umelala begani. Hakukimbia. Alituangalia kama mtu aliyekuwa akitusubiri sisi tumkute.

"Amahoro," alisema.

"Amahoro na wewe," bibi alijibu. "Hapo uliposimama pana mamba."

"Nimemwona tangu juzi, mama. Angenitaka angeshanichukua."

"Labda hakupendi."

"Basi hayuko peke yake," alisema yule mwanamke, na bibi, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu masika yaanze, alicheka hadi mwiko ukaanguka majini.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yangu alikuwa amefariki, na baba, aliyebeba mizigo bandarini Kigoma, alikuwa amenileta kwa mama yake ili nilelewe. Nyumba yetu ilikuwa peke yake, chini ya Ilagala, pale Malagarasi unapokaribia ziwa na kuanza kusitasita kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Mto wenyewe ulipita mbali kidogo. Kwetu palikuwa na mkono wake uliobaki, na watu waliuita Mto wa Nyuma.

Bibi alipokuwa msichana, Malagarasi wote ulipita hapo, mbele ya mlango wa baba yake. Kisha mwaka mmoja wa mvua nyingi mto ulivunja ukingo kule juu, ukapata njia fupi ya kwenda ziwani, na haukurudi tena. Ule mkono ukabaki umepinda, umezibwa na mchanga upande wa juu, wazi upande wa chini tu. Wakati wa masika maji yalipanda juu ya mchanga yakapita, na kwa miezi michache tulikuwa na mto kama watu wengine. Kiangazi yalisimama. Ukitupa jani asubuhi, jioni unalikuta palepale.

Wavuvi waliufuata mto, wakahamia uliko. Bibi alikataa. "Ulioondoka ni mto," alikuwa akisema, "mimi nipo." Alinionyesha gogo lililosimama kwenye tope, jeusi, lililokuwa la kufungia mitumbwi. Mama yake alimsimulia kwamba zamani waliotoka kusini kwenda Ujiji walivushwa pale, na kwamba si wote walivuka kwa kupenda. Wengine walivushwa wamefungwa shingo kwa shingo. Sasa gogo hilo lilikuwa la mdiria, ndege mla samaki. Kila asubuhi alilikalia, akatumbukia, akarudi na kisamaki kinachong'aa. Mnandi walianika mabawa yao kwenye miti iliyokufa. Na lilikuwapo dume moja la kiboko, zee, lenye makovu, lililofukuzwa na kundi lake mtoni. Lilikuwa likiguna mchana kutwa bila kujibiwa. Mimi nililijibu mara moja, kwa majaribio, na bibi akanichapa kwa kanga.

Yule mwanamke alikuwa ametoka Burundi. Miezi kadhaa nyuma alikimbia na mumewe hadi ufukweni, wakagombea mtumbwi pamoja na umati, na katika kusukumana mtumbwi mmoja ulimbeba yeye na mume akabaki nchi kavu akipunga mkono. Hicho tu ndicho alichobaki nacho kwake, mkono ule uliopunga. Alifikia upande wetu, akapelekwa kambini, ndani kabisa, mbali na ziwa. Alikaa huko mvua moja. Kisha akatoka.

"Kwa nini ulitoka?" nilimuuliza, maana watoto huuliza.

"Mume wangu ni mvuvi, mwana wanje, mwanangu. Akija atakuja kwa maji. Kambini hakuna maji ya mtu kujia."

Wakati ule mkimbizi alitakiwa akae kambini. Kila mtu alilijua hilo, na bibi alilijua vilevile. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kibanda cha matete alimokuwa babu akiweka nyavu zake. Bibi alikifagia, akatoa mkeka. Kiha chetu na Kirundi chake vilisikilizana bila taabu, na pale viliposhindana tulitumia Kiswahili, yeye akikitamka taratibu kama anayevuka daraja la mti mmoja.

Matete aliyakata kwa ajili ya migono, yale makapu marefu ya kunasia samaki. Masika samaki huingia Mto wa Nyuma kuzaa, kambare na perege kwa wingi, na maji yanapoanza kushuka hukimbilia mdomo wa chini ili wasibaki. Hapo ndipo mtu anaziba kwa uzio wa matete, anaacha matundu, na katika kila tundu anaweka mgono. Samaki anaingia kwa koo pana, anapita koo jembamba, na hawezi kurudi. Watu wa kwetu wanafuma mgono wakianzia mdomoni, na zile pete za fito zinazoushikilia huwekwa ndani. Yeye alianzia mkiani. Pete aliziweka nje, mapaja yake yakiwa ndiyo kipimo, na mkia aliufunga kwa kizibo cha nyasi kilichosokotwa kama ushungi. Ndani mgono wake ulikuwa laini kama kibuyu. Samaki walitoka humo bila hata gamba kung'oka.

"Kwetu, mdomoni mwa mto Rusizi, kila mvuvi anaujua huu," aliniambia. "Hata akiwa mbali, ataona pete ziko nje. Atajua kuna mtu wa kwao." Kisha akauweka mmoja juu ya uzio, hautumbukii majini, umening'inia kwenye mti mrefu, ukitazama ziwa. Huo ulikuwa wa mume wake. Mitumbwi iliyopita kwenda Kigoma ilikuwa mbali mno kuuliza maswali, lakini mvuvi mwenye jicho angeuona.

"Migono hii isitoke hapa," alisema. "Kwa aliye majini ni salamu. Kwa aliye barabarani ni kitu kingine."

Nilimwelewa. Ninataka hilo liandikwe wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba sikuelewa.

Kiangazi kile kilikuwa kizuri. Alinifundisha kuloweka kamba za mafunjo, kulisikiliza tope kwa miguu, kujua kambare anapogeuka. Furukombe, yule tai wa majini, alipolia tuliinua vichwa wote watatu, kama vile ameita jina la mmoja wetu. Jioni alikaa kwenye ukingo akitazama mdomo wa chini, na mimi nilikaa kando yake. Sikutazama ziwa, nilimtazama yeye, na nakumbuka nilivyoomba, nikiwa na aibu, kwamba mtu huyo aliyepunga mkono achelewe kidogo.

Kitu kimoja tu kilimgombanisha na bibi, mlango. Bibi aliuacha wazi kutwa nzima, ili asikie maji. Yeye kila akitoka au kuingia aliurudisha.

"Unamfungia nani?" bibi aliuliza.

"Sijui, mama. Mkono wenyewe tu unafunga."

Siku moja bibi alinituma Ilagala kununua chumvi na mafuta ya taa. Nilijua vijana wa kule walivyotuita, watu wa mto mfu. Walikuwa wakinitania kila nikipita kwenye miti wanakoshonea nyavu: eti kwetu tunavua vyura, eti bibi anaposwa na kiboko. Siku hiyo nilichukua mgono mmoja. Niliufunga mgongoni kama mtoto na nikatembea nao saa nzima, na nilipofika palepale penye nyavu niliutua.

"Oneni mgono wa mto mfu," nilisema. "Unajaa kuliko yenu."

Walicheka. Mmoja alisema ni kikapu cha kuku. Mwingine akaingiza kichwa na kujifanya kambare. Nami nilicheka pia, kwani ilikuwa mara ya kwanza kicheko chao kuwa na nafasi yangu ndani yake. Kisha mshonaji mmoja mtu mzima aliuchukua, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya zile pete.

"Huu hakuufuma bibi yako," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetambua kitu. "Huu ni wa watu wa Rusizi. Nilivulia migono hii nikiwa kijana. Mna mgeni nini huko?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno. Wakatazamana, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nyuzi, na mimi nikaubeba mgono wangu nikarudi, na njia nzima nilihisi kama pete zile zinanifinya mgongo.

Sikumwambia mtu. Siku nane zilipita. Nilianza kuamini kwamba watu wamesahau.

Ya tisa, mchana, mwenyekiti wa kitongoji alikuja kwa miguu, peke yake. Alikuwa akimheshimu bibi. Alisema shikamoo mara mbili, kwa kuwa ya kwanza aliisema akitazama chini.

"Marahaba," bibi alisema. "Sema ulichobeba."

"Mama, habari imefika juu. Wanasema kuna mtu wa kambini kwako. Kesho gari la kambi linapita kivukoni Ilagala. Nimeomba nije mimi, wasije wengine."

"Nani kasema?"

Mwenyekiti alinitazama mimi, kisha akatazama pembeni. "Mgono ndio umesema," alisema.

Yule mwanamke alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda na fito mapajani. Alisikia kila neno. Nilingoja anigeukie. Hakunigeukia, aliendelea kupinda pete aliyokuwa ameianza hadi ikakutana, akaifunga, akaiweka chini. "Kesho nitafika kivukoni mwenyewe," alimwambia mwenyekiti. "Nisifuatwe."

Alfajiri yule mwanamke alikuja nyumbani na kifurushi chake. Bibi alikuwa ameshajitanda kanga ya kutokea, na mimi nilikuwa nimevaa viatu, maana kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Unatembea naye hadi njia panda, unabeba mzigo wake, unazungumza mambo madogo madogo ili njia iwe fupi.

"Msinisindikize," alisema.

"Hiyo haiwezekani," bibi alisema.

"Mama, kivukoni watauliza ni nani aliyenificha. Wakiniona na nyinyi watakuwa na jibu."

Bibi akakaa chini taratibu, kanga ikiwa bado kichwani.

Ndipo nikasema. Nilisema ni mimi niliyeubeba, nilijua, nilielewa, niliubeba ili wanione. Yalitoka yote kwa mkupuo na hayakunipunguzia kitu. Yeye alichuchumaa mbele yangu. Mikono yake ilinuka mafunjo mabichi.

"Ule wa juu ya mti usiuteremshe," alisema. "Ukioza, fuma mwingine. Anzia mkiani. Pete nje."

"Akija nimwambie nini?"

Alifikiri. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa mdogo, hakuwa amezidi sana umri wa mama yangu alipokufa. "Mwambie kambini kuna njia ya nchi kavu," alisema. "Aache ubishi, atembee."

Nimefuma migono saba tangu hapo, mmoja kila uliotangulia ulipooza. Bibi amekwisha fariki. Mimi ninaishi Kigoma, na kila kiangazi nashuka, naukagua ule wa mtini, nakaa ukingoni siku moja na mdiria. Mchanga sasa umefika hata mdomo wa chini, na masika mengine maji hayapiti. Hakuna aliyewahi kuja kuuliza.

Asubuhi ile yule mwanamke alisimama, akaweka kifurushi kichwani, akamgusa bibi begani. Nje kiboko aliguna. Nilitaka kumfuata, hata hadi kwenye gogo tu, na alijua, kwa sababu alipovuka kizingiti alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaushika mlango ule ambao bibi hakuwahi kuufunga mchana, akaurudisha taratibu mpaka mwanga ukabaki uzi, kisha hata uzi ukakatika.