Unga Mweusi na Ng'ombe wa Dada

Nilikuwa bwana shamba wa miezi minne tu nilipomshauri baba auze ng'ombe wa dada yangu. Sitajificha nyuma ya ujana. Nilikuwa na akili timamu, viatu vipya na kichwa kilichovimba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nyumbani kwetu karibu na Nyamira. Ng'ombe walikuwa watatu, mahari ya dada, aliyeolewa upande wa Kenyenya na mwanamume wa maneno machache na mkono mwepesi. Wazee wengine mahari ikiingia humwozea nayo mwana wa kiume. Baba alikataa kuwagusa. "Siku akichoka kupigwa," alisema, "hawa ndio watamrudisha nyumbani." Kwetu kila mtu alilijua hilo. Mke akirudi kwao, ng'ombe nao hurudi walikotoka, na baba asiye na ng'ombe humrudisha binti.

Lakini shamba lilikuwa limechoka. Mvua ilikuwa imeuosha udongo wa mteremko, na mahindi yaliishia magotini. Nusu ya kipande chetu kidogo ilikuwa malisho ya ng'ombe hao.

Chuoni, mwalimu mmoja alikuwa ametupa kila mtu mfuko wa unga mweusi ili tukaujaribu makwetu. Ulitokana na makaa ya mawe, yale ya juu juu yaliyoliwa na mvua na jua kwa karne nyingi mpaka yakalainika. Ndani yake, alisema, mna asidi ya humiki, ile ile iliyomo katika udongo mweusi wa msituni. Nilimwonyesha baba. Aliusugua vidoleni, akaunusa.

"Hauna harufu yoyote," akasema.

"Samadi ndiyo hunuka, tata," nikamjibu baba. " Hii ni elimu."

Nikamweleza kwamba kwa unga huo hahitaji samadi, na asiyehitaji samadi hahitaji ng'ombe. Auze, alime malisho yote, na baada ya mavuno mawili atanunua wengine. Zilipita siku tatu. Kisha akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ninayo. Baba hakujua kusoma, na mtoto aliyemsomesha kwa ndizi alikuwa amesema ana hakika. Akawapeleka sokoni Keroka, na fedha zikaishia kwenye mbegu, kulimia malisho na madeni.

Tulinyunyiza nusu ya mfuko wa unga, tukapanda. Mahindi yaliota vizuri, kisha yakageuka manjano. Nilifungua daftari langu la chuo nikakuta, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwamba unga huu huusaidia udongo kukishika chakula, lakini wenyewe si chakula, uchanganywe na samadi. Niliandika bila kusikia. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja kabla sijapata hata mtoto.

Dada alifika wakati wa palizi, furushi la nguo kichwani, jicho moja limevimba. Alipitia zizini kwanza. Alilikuta tupu, akaingia jikoni kwa mama kuelezwa.

Alikaa siku nne. Alipalilia pamoja nasi, kwa mkono wenye kasi kama zamani. Siku ya tatu akaniuliza, "Ndugu yangu, huo unga wako utafanya kazi?"

"Msimu ujao. Nitaomba samadi kwa majirani, niuchanganye."

"Basi nitavumilia msimu mmoja."

Wazee wa upande wa mume walipokuja kumchukua, baba hakuwa na ng'ombe wa kuwarudishia. Aliwaangalia wakishuka naye bondeni, kisha akaingia ndani akalala, na ilikuwa saa tano asubuhi.

Nilibeba samadi kwa kichwa changu, mimi bwana shamba mwenye viatu. Nikaichanganya na unga uliobaki. Mwalimu hakuwa amedanganya. Mahindi yalisimama kijani kilichokolea, na wapita njia walisimama kuyatazama. Baba alianza kuulizia bei ya ng'ombe.

Dada alikuwa akituma salamu kwa wanawake wa Kenyenya waliokuja kuuza sokoni Kisii. Salamu zake zilikuwa swali moja tu, mahindi yamefika wapi. Nilimjibu kwamba yamefika kiunoni. Mara ya pili nikamjibu kwamba yametoa mbelewele. Mara ya tatu nikasema yanaanza kukauka, avumilie kidogo tu.

Wanawake hao hao ndio waliotuletea habari. Watu wa kwa mume walisema dada alianguka akipandisha maji kutoka mtoni. Mimi sikuamini, na mpaka leo siamini.

Tulimzika kule kule, nyuma ya nyumba ya mume, kama desturi inavyotaka, wiki mbili kabla ya kuvuna.