Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mwanamke aliyenipa kazi hii ya kuuza virutubisho ana duka dogo mjini Embu, na somo lake la kwanza lilikuwa kugeuza mkebe. Mbele, alisema, kuna picha ya mwanamke anayecheka. Hiyo ni ya mteja. Nyuma kuna maandishi madogo. Hayo ni yenu. Tulikuwa wauzaji watano, tumeketi juu ya kreti za soda, tukikariri kama watoto wa darasa la tatu. Kolajeni ya ng'ombe, ile protini ya kukaza ngozi, kutoka kwenye ngozi na mifupa. Kolajeni ya samaki, kutoka kwenye ngozi na magamba. Vitamini C, ili mwili uweze kuitumia. Ladha ya stroberi. Utamu wa majani ya stevia. Kisha tukahamia vichupa vya tumbo: bakteria hai wa maziwa, wenye majina marefu kama ya magavana wa Kirumi kwenye Biblia, nyuzinyuzi za mizizi, ambazo ndizo chakula chao, na ganda la kapsuli lenyewe, lililotengenezwa kwa mmea.

Niliyashika upesi. Shuleni pia nilikuwa hodari wa kukariri. Kilichonishinda maishani ni kukaa. Nimeuza mitumba Chuka, nimepaka rangi nyumba za kupanga Embu, nimelinda lango la shule ya bweni, nimefuga kuku wakafa. Ni nadra mvua ya vuli kunikuta pale mvua ya masika iliponiacha. Nikiwa safarini hutamani nyumbani mpaka kifua kinauma, na nikifika nyumbani, siku ya tatu tayari naangalia barabara.

Siku za soko nilikuwa nikiteremka Ishiara na begi la mikebe. Huko jua halina huruma, na wateja vilevile. Nakumbuka mama mmoja muuza mbuzi aliyenisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, nikimweleza kwamba ngozi na mifupa huchemshwa, protini yake ikavunjwavunjwa mpaka ikawa unga.

"Kwa hivyo," alisema, "hii ni supu ya miguu, umeikausha ukaitia kwa mkebe."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana hakuwa mbali na ukweli.

"Na hiki kichupa?"

"Hicho ni bakteria wazuri, mama. Wanasaidia tumbo."

"Bakteria! Umetoka huko kwenu Meru kote huko kuja kuniuzia ugonjwa?" Akageukia mbuzi wake. "Hata nyinyi hamwezi kukubali."

Ni siku hiyo hiyo, nikiwa bado nakunja meza, dada yangu alipopiga simu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi kule nyumbani, Kanyakine, na huongea na simu kama anayesoma imla.

"Mama ametolewa hospitali. Hana nguvu. Mimi niko darasani mchana kutwa. Wewe huna kazi ya kukufunga. Njoo."

Nilipofika nilimkuta mama yangu amelala kwenye kile chumba kinachopakana na jikoni, mahali tulipokuwa tukiweka mahindi. Alikuwa amepungua kiasi kwamba blanketi halikuonyesha kama kuna mtu. Alinyoosha mkono.

"Baba, umekuja."

Ananiita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Tangu utotoni nimezoea kuamkiwa na mama yangu kwa heshima ya mzee ambaye sikumwona.

Dada alinieleza hali ilivyo. Ugali, hapana. Ndizi, hapana. Mchuzi aliutapika. Kitu pekee kilichoteremka na kukaa kilikuwa maziwa yake ya kibuyu, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Daktari alikuwa amesema akiendelea kula chochote kile, mwili utarudi polepole. Asipokula, tujiandae. Basi uhai wa mama yangu ulikuwa umening'inia kwenye msumari wa jikoni, ndani ya kibuyu cheusi chenye kizibo cha kigunzi cha mahindi.

Kibuyu hicho kilitoka kwa mama yake mama. Kila baada ya siku chache husuguliwa ndani kwa kijiti cha mzeituni wa porini kilichochomwa, hadi mkaa ushike kuta zake, kisha humiminwa maziwa. Lakini hakimalizwi kamwe. Chini hubaki kiasi kidogo cha maziwa ya jana, nayo ndiyo huyageuza ya leo. Kikisafishwa, ni kwa maji ya vuguvugu tu. Hayo yote niliyajua. Nilikulia chini ya msumari huo. Lakini kujua kitu ukiwa mtoto, kisha ukae nje miaka ishirini na zaidi, ni kama kutokijua.

Siku ya pili mama aliharisha. Dada alikuwa shuleni. Nilimsafisha, nikabadilisha shuka, nikakaa mlangoni nikitafuta kosa. Ndipo nikakumbuka kibuyu. Nikakifungua, nikachungulia. Kilinuka moshi na uchachu, na ndani kulikuwa na utando mweusi uliogandamana kama lami. Yule mwanamke wa Embu alikuwa ametufundisha pia juu ya bakteria wabaya, kwamba hujificha kwenye vyombo vikuukuu. Nikasema moyoni, mgonjwa ananyweshwa kutoka kwenye kitu kama hiki?

Nilimwaga kilichobaki chini ya mgomba. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikatia na vijiwe, nikatikisa. Maji yakatoka meusi. Nikafurahi. Mara ya tatu yalipotoka meupe nikatia klorini, ile ya kusafishia choo, kifuniko kimoja, nikaiacha ilale humo mpaka saa sita. Kisha nikakianika juani. Nilijiona mtu wa maana. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoifanya katika boma hilo bila kuambiwa.

Dada alipofika alikiona juu ya kitanda cha kuanikia kahawa. Alikishika, akakinusa, akaketi chini palepale na vitabu vyake vya kusahihisha.

"Umetumia nini?"

Nikamwambia.

"Na yale ya chini?"

"Nilimwaga."

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wewe unauza bakteria, na wale wa mama yako umewaua." Baada ya muda akaongeza, "Mganga wa mikebe."

Jioni tulikisugua kwa mkaa kama inavyotakiwa, tukatia maziwa ya ng'ombe wetu. Siku mbili baadaye yalikuwa yameoza, si kuchacha: maji juu, mabonge chini, harufu ya kitambaa kibichi. Mama alitia midomo tu.

"Ng'ombe amekula nini?" aliuliza.

"Tumebadilisha nyasi," nikasema. "Hizi za sasa zimetoka bondeni."

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia, hakusema kitu, na kwa kunyamaza kwake uongo ukawa wetu sote.

Tulijaribu mala, maziwa ya mgando ya pakiti. Mama aliitapika kikombe kizima. Ndipo nikafungua begi langu. Nilisoma nyuma ya kichupa tena na tena, na kweli, jina la kwanza lilikuwa la jamii ileile inayogandisha maziwa. Nililikariri Embu juu ya kreti. Nikafungua kapsuli nne, nikamwaga unga wake kwenye maziwa ya vuguvugu, nikafunika sufuria kwa sweta langu kando ya jiko. Asubuhi yalikuwa yameganda vizuri, laini, meupe kama ya dukani. Karibu nilie kwa furaha.

Mama alikunywa nusu kikombe. Kesho yake nusu. Alikunywa akinitazama, nami niliketi kwenye kigoda nikimtazama, na kila alipomeza nilihisi ninasamehewa. Dada peke yake ndiye aliyetikisa kichwa. Ndiye aliyekuwa akifua matambara.

"Hayakai tumboni," aliniambia jikoni. "Ukitoka tu, anarudisha karibu yote."

"Mbona haniambii mimi?"

"Muulize."

Sikumuuliza. Nilifanya ninachojua kufanya: niliondoka. Lakini safari hii nilikuwa na sababu nzuri. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliolewa upande wa Embu, karibu na Karurumo, na hadithi ya kwetu ni kwamba siku ya kuondoka alipewa maziwa ya mbegu kutoka kibuyu kile kile, akayabeba kifuani ili yasipoe. Kama alikuwa bado anayo, basi kibuyu cha mama yangu kilikuwa bado hai mahali fulani. Mwendesha boda aliponiteremsha penye shamba la kahawa la mama mdogo nilikuwa nimebeba chupa ya chai tupu, niliyoisuuza vizuri kwa maji ya moto, tayari kuyapokea.

Mama mdogo alinikumbatia, akanishika masikio yote mawili kama zamani.

"Kijana wa dada! Umezeeka kabla yangu. Bibi umeshapata, au bado unamtafuta kwa barabara?"

Nilimweleza nilichofuata. Alicheka mwanzoni, kisha uso wake ukabadilika alipoona sicheki.

"Hayo, mwanangu? Niliacha zamani. Watoto walisema yananuka moshi, wageni wakija wanaona aibu. Sasa ni mala ya pakiti tu." Aliingia ghalani, akatoka na kibuyu. Akakigeuza, na mbegu za maharagwe zikamwagika kiganjani mwake, kavu, zenye madoadoa. "Kimekuwa cha mbegu. Hakijaona maziwa tangu kifungua mimba wangu aende sekondari."

Nilikinusa. Kilinuka vumbi.

"Dada yangu ana hali gani? Niambie ukweli."

"Hali," nikaanza, kisha nikamrudishia kibuyu chake. Alinifungia viazi vitamu kwenye mfuko. Akasema atakuja Jumapili baada ya kanisa. Alifika, lakini hiyo ni habari nyingine. Walilia pamoja na nikatoka nje.

Njiani kurudi niliwaza yale maandishi ya nyuma ya mikebe. Nimeyasoma kwa watu wengi: hiki kimetoka kwenye ngozi, hiki kwenye magamba, hiki kwenye mizizi. Kibuyu cha mama hakikuwa na maandishi. Hakuna aliyejua mle ndani kuna nini na nini, hata yeye. Tulichojua ni kutokimaliza na kutotia sabuni. Ni mambo mawili tu, na mimi niliyavunja yote asubuhi moja, kwa nia njema na maji ya moto.

Nilifika nyumbani alasiri. Dada hakuwa ametoka shuleni. Nilikwenda jikoni, nikachota kikombe cha maziwa ya kapsuli, nikaketi kwenye kigoda. Mama alifungua macho.

"Umetoka wapi, baba?"

"Kwa mama mdogo."

"Kufanya nini?"

Nikakiweka kikombe chini. "Mama, hakuna nyasi za bondeni. Nilikiosha kibuyu kwa sabuni. Nilimwaga yaliyokuwa ndani. Haya unayokunywa yametoka kwenye vichupa vyangu."

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Nilijua tangu kikombe cha kwanza," alisema. "Maziwa yalinuka maua ya sabuni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeondoka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayeeleza njia ya kwenda mtoni. "Tangu umalize shule, ukikosea mahali, unahama. Nikaona afadhali ninywe, ukae."

Nje ng'ombe alikuwa akijikuna kwenye nguzo, na nguzo ilikuwa ikilia.

"Jaribu kidogo," nilimwambia hatimaye, nikainua kikombe.

Alisukuma mkono wangu kwa vidole viwili. "Hapana. Tumbo langu halijui hayo. Sasa umesema ukweli, niache na mimi niseme wangu. Usinipe tena."

"Utakula nini?"

"Niletee maji ya moto."

Dada aliporudi alimbembeleza kwa Kimeru, akamgombeza, akaomba. Mchungaji wa kanisa letu alikuja akaomba vilevile. Tulimpeleka tena hospitali, wakamtundikia chupa za maji, wakamrudisha. Alikuwa akimeza uji mwepesi vijiko viwili, vitatu, zaidi kwa kutuhurumia. Mwanamke wa Embu alipiga simu kuuliza kama nimeacha kazi. Nilimwambia sijui. Mikebe ilibaki kwenye begi chini ya kitanda changu, picha za yule mwanamke anayecheka zikitazama ukuta.

Wiki zilipita. Kwa mara ya kwanza tangu ujana nilipalilia shamba letu kutoka mwanzo wa mistari hadi mwisho wake. Asubuhi nilikamua, nikampelekea maji, nikaketi. Hatukuzungumza sana. Wakati mwingine aliniuliza kuhusu Ishiara, watu wa huko wanalima nini, na nilimweleza juu ya ndengu na jua na yule mama wa mbuzi. Alipenda ile ya supu ya miguu kwenye mkebe. Aliniomba niirudie, na kila mara kifua chake kilitikisika kidogo, kwa kicheko kisichokuwa na sauti.

Kahawa ilianza kuiva. Siku moja, katikati ya asubuhi, alifunga mdomo hata kwa maji. Dada alikuwa darasani. Nilikuwepo alipovuta pumzi ya mwisho, kijiko kikiwa mkononi, na maji yakapoa ndani yake.