Trauti wa Kuliwa na Idela

Orvil Skaar hakuwa mtu wa kula samaki. Alikuwa mtu wa kuwavua, kuwatazama kidogo na kuwaachia, na kwa miaka arobaini hakuchoka kutuhubiria jambo hilo. Kaka wa mkewe aliwahi kukaanga trauti wawili, samaki wa mto wetu, Orvil akamnunia miaka sita. Hapa kwetu Montana watu hununiana kwa mambo makubwa zaidi ya hayo, lakini si mengi.

Januari ile mkewe, Idela, alitoka hospitali akiwa mifupa mitupu, chakula hakipiti. Siku ya nane daktari akasema asipokula kitu kufikia Jumatatu, atarudishwa wodini na kutiwa mpira wa kulishia puani. Jumamosi asubuhi Idela akamwambia mumewe kwamba angejaribu trauti, wa kukaangwa kwa siagi, kama alivyokaanga mama yake.

Orvil akaja kugonga kwangu. Mimi ni jirani yake, na baridi siipendi hata kidogo. Nilimwambia dukani kuna samaki. Akasema Idela hakutaja duka. Nikavaa mabuti huku nikilaani.

Kule mtoni theluji ilianguka mfululizo. Orvil alisimama ndani ya maji mpaka mapajani, akirusha ule mdudu wake wa bandia, uzi na unyoya kwenye ndoano ndogo kama punje ya mchele. Kila akirusha mara tatu, pete za fimbo ya kuvulia, zinazopitisha uzi, huziba kwa barafu, anaichovya majini iyeyuke, anaanza upya. Majira ya baridi trauti hulala chini kwenye maji yaliyotulia, hawana haraka na mtu. Saa mbili zikapita. Miguu yangu nilishaiaga.

Halafu mshipi ukakazika. Alikuwa samaki mnene, mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko. Orvil alimleta polepole, akalowesha viganja, akachomoa ndoano bila kumchubua, akamgeuza kichwa kuelekea maji yanakotoka, akamshikilia mpaka akapata pumzi. Kisha akafungua mikono.

Nami nikasema, "Safi kabisa."

Tukabaki tunayatazama maji.

"Nimemwachia," Orvil akasema.

"Nimeona."

Hakutukana. Alifunga mdudu mwingine, mara ya nne ndipo uzi ukapita tundu la ndoano. Nilimwonea huruma, nikajikasirikia pia, maana na mimi nina mdomo na sikuutumia kumzuia. Nilimwaza Idela na ule mpira.

Jua lilikuwa limeshaegemea mlima Orvil alipomnasa wa pili, mdogo, wa kujaza sahani na si zaidi. Safari hii alikatiza nusu ya mto akiwa amemwinua kwenye wavu mbali na mwili wake, mpaka ukingoni nilipokuwa.

"Mchukue wewe," akasema. "Mikono yangu siiamini."

Nikamgonga samaki kwa jiwe. Orvil alikuwa amegeuka anaangalia miti.

Nyumbani alimkaanga mwenyewe, akaunguza mkia. Idela alianza kwa kipande kidogo kama ukucha. Sisi wawili tulisimama mlangoni tukijifanya tunazungumzia theluji. Akala kingine. Akala ubavu mzima, akamgeuza samaki, akaanza ubavu wa pili. Ilimchukua karibu saa nzima, na hakuna kilichorudi.

Alipobakiza mifupa akauliza kama mto ule umeishiwa samaki wakubwa.

Sasa Orvil huyu, kuhusu ukubwa wa samaki, ameshamdanganya kila mtu wilayani, mchungaji akiwemo. Lakini siku ile alisema kweli yote: alimpata mkubwa, na alimwachia kwa mazoea.

Idela akaisukuma sahani.

"Kesho nitakuwa na njaa, Orvil," akasema. "Kamfuate."

Orvil akaenda kuosha kikaango. Alikiosha muda mrefu sana, ametugeuzia mgongo, mabega yanatikisika, nami nikavaa kofia nikaenda kukausha mabuti yangu.