Hodhi la Paa Nyuma ya Qantab

Shangazi yangu aliponipa kazi ya kumuuzia bonde, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kulihesabu. Nyumba moja ya mawe, vyumba vitano. Mikunazi kumi na saba. Nikarudia: kumi na minane. Mmoja ulijificha nyuma ya jabali, kama ndugu anayesubiri mirathi igawanywe. Ndiyo maana kila kitu nakihesabu mara mbili.

Bonde lenyewe liko milimani, nyuma ya Qantab, kijiji cha pwani karibu na Maskati. Babu alilinunua siku ambazo karafuu za Unguja zilikuwa zikimlipa vizuri, na akaleta mlango wa kuchonga uvuke bahari uje kutiwa kwenye nyumba isiyo na hata jirani mmoja wa kuutazama. Akaleta na miche ya mikarafuu. Miche ililiona jua la Maskati, ikafa yote bila ya kulalamika. Lililobaki ni pori: mikunazi, migunga, na chemchemi inayoshuka kwa mfereji mwembamba mpaka kwenye hodhi la mawe. Alfajiri paa huja kunywa pale.

Hodhi hilo ndilo lililotukwamisha. Babu alilijenga kwa ajili ya wanyama, na kabla hajafa alimwachia binti yake neno moja: lisikauke. Shangazi akawa anapanda mwenyewe kulisafisha, mpaka magoti yakakataa.

"Uza," aliniambia. "Lakini maji ya paa hayauzwi. Asiyetaka hivyo, mwambie bonde langu nnalo, nnakaa nalo."

"Shangazi, mtu anunue bonde zima, halafu nimwambie ana washirika wenye pembe?"

"Mwambie. Hao hawatomsumbua kwenye mikutano."

Mnunuzi alipatikana: mfanyabiashara mwenye maghala Rusayl, mzaliwa wa milima ya ndani ya Omani, aliyetaka kujenga nyumba za wageni. Bei haikutusumbua. Mimi nilianzia juu, yeye chini, tukakutana mahali ambapo kila mmoja aliamini amemuonea mwenziwe. Maji ndiyo yaliyogoma. Aliyataka yote kwa bwawa la kuogelea.

"Paa wana miguu," alisema. "Watakwenda kwingine."

Nilibishana naye mpaka nikaishiwa maneno, jambo ambalo si kawaida yangu. Mwisho akatualika kwake mjini, Khuwair ya Kusini: tumalize au tuachane.

"Akikataa leo," shangazi akasema garini, "tunarudi nyumbani, tunapika samaki wetu, basi."

Majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa pana. Ndugu zake wawili walikaa upande wa pili. Kwa kumheshimu shangazi, mwenyeji alishika dele mwenyewe akatumiminia kahawa. Sasa, kwetu sisi tuliolelewa Kizanzibari, halua hutangulia na kahawa husubiri ipoe. Nikakiweka kikombe changu chini, kwenye zulia, nikamega halua, huku nikihesabu mito ya kuegemea. Thelathini na miwili. Mara ya pili, thelathini na mmoja.

Nilikuwa naanza mara ya tatu nilipoona majlisi nzima imenigeukia. Mwenyeji amesimama na dele lake, macho kwenye kikombe changu. Hapo ndipo nikakumbuka. Kwa watu wa kwao, mgeni akikiweka kikombe chini bila ya kuonja, ana haja, na hanywi mpaka atimiziwe. Mwenyeji akimnyima mbele ya watu, aibu ni yake.

"Sema haja yako, ndugu yangu," akaniambia kwa Kiarabu.

Haja yangu ilikuwa kahawa ipoe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie hivyo. Shangazi, ambaye sijapata kumuona akiacha kahawa, akakiteremsha kikombe chake taratibu, akakiweka ubavuni mwa changu. Hakunitazama.

"Maji ya paa," nikasema.

Yule bwana alivitazama vikombe viwili, akawatazama ndugu zake, akacheka kwa pua.

"Na nyinyi watu wa Zanjibar mnasema hamzijui mila zetu!"

"Tunajifunza, mwanangu," shangazi akajibu.

"Haya. Mfereji utabaki ukienda kwenye hodhi. Maji ya bwawa nitayaleta kwa gari. Kunyweni."

"Na iandikwe kwenye mkataba," akasema shangazi, mkono haujagusa kikombe.

"Itaandikwa, mama."

Ndipo tukanywa. Yangu ilikuwa imepoa vizuri kabisa.

Garini aliniuliza, "Ulikusudia?"

"Shangazi, mimi hufanya jambo gani bila ya kukusudia?"

"Halua ilikuwa mdomoni, mwanangu."

Tangu hapo nimepanda bondeni mara kadhaa, na kila nikirudi shangazi huulizia hodhi kabla ya salamu. Limejaa. Alfajiri moja nilihesabu paa tisa, na mara ya pili tisa vile vile. Mwenye bonde mpya akiniona hutoka na dele. Mimi hunywa upesi, ulimi ukiungua, asije akadhani nna haja nyingine.