Bunduki Ndani ya Blanketi la Mama

Naikumbuka asubuhi moja ya Jumanne nilipoitwa na Baba Awadh, baba wa bosi wangu. Nilikwenda na ufagio mkononi, nikamkuta amesimama juu ya kochi jeupe la madam, mke wa bosi, viatu miguuni. Mwanangu, mzee wa miaka zaidi ya themanini juu ya kochi! Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa anaiteremsha bunduki ya marehemu baba yake ukutani.

Hiyo ilikuwa Jeddah, mtaa wa Aziziya. Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani, umri wangu miaka ishirini na sita, na mwaka wangu wa pili tangu nitoke Taveta. Leo nasimamia jiko la mkahawa mmoja hapa Sulimaniya, Riyadh, na ninyi mabinti mnaokuja kula ugali siku ya Ijumaa mnaniita Mama Rehema. Wakati ule nilikuwa Rehema tu. Nawaandikia sasa kwa sababu wiki iliyopita nililetewa habari ya msiba kutoka Unguja. Aliyefariki kuna neno sikumwambia alipokuwa hai, na kila nikikoroga sufuria neno hilo linanirudia.

Nianze na bunduki. Ilikuwa gobori, bunduki ndefu ya kushindilia baruti mdomoni, kitako chake kimepambwa kwa bati za fedha zilizochakaa. Kwao Baba Awadh, milimani upande wa Taif, wanaume huzicheza bunduki hizo harusini. Hushindilia baruti bila risasi, huruka juu, na kuilipua chini ya nyayo zao wakiwa bado hewani. Alinionyesha kovu kwenye kifundo cha mguu. "Hapa nilichelewa kuruka," aliniambia, akacheka kama kijana.

Miezi hiyo watu walikuwa wakizungumzia sheria mpya. Kila mwenye bunduki angetakiwa kuipeleka polisi iandikwe, na yeye mwenyewe aombe leseni. Mwombaji angepimwa kwanza, macho na akili. Wazee wenzake Baba Awadh walikuja kila alasiri kunywa kahawa, na mimi ndiye niliyewamiminia, kwa hiyo niliyasikia yote. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini kilitosha.

"Baba yangu aliipata kwa baba yake," Baba Awadh alisema. "Karatasi ya nini tena?"

"Watu wanapigana risasi mjini, ndiyo maana," mzee mwenzake alimjibu.

"Basi waandikwe hao walio mjini!"

"Na wewe unaishi wapi, Awadh? Si hapa, nyuma ya duka la pizza?"

Walicheka wote, naye akacheka. Lakini aliponirudishia kikombe chake, hakuwa anacheka tena. "Kitu kikishaandikwa kwao, ni chao," alisema polepole. "Mimi nitabaki mlinzi wa mali yao."

Mwanawe, aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi, na ambaye sote tulimwita bosi, hakutaka kusikia maneno hayo. Hakuwa mtu mbaya. Nyumba ilikuwa yake, na bunduki isiyoandikwa ikionekana ndani yake, angeulizwa yeye. Alimwambia baba yake mara nyingi, kwa adabu, halafu kwa kelele. Watoto wa nyumba ile walimwona mzee mkaidi, wakamcheka.

Mimi sikuweza kumcheka. Siku niliyoshuka uwanja wa ndege, pasipoti yangu ilichukuliwa na kufungiwa kwenye kabati la chuma chumbani kwa bosi. Niliambiwa ni kwa usalama wake. Nilibaki na ikama peke yake, kile kitambulisho cha ukaazi. Tangu siku hiyo, hata nikifumba macho, nilijua kabati lile liko upande gani wa nyumba. Kwa hiyo mzee aliposema anaogopa kitu chake kuwa mikononi mwa watu wengine, nilimwelewa kuliko wanawe.

Turudi kwenye kochi. Jumanne ile Baba Awadh alikuwa anasafiri kwenda Riyadh kwa binti yake, akatolewe mtoto wa jicho. Alishuka na bunduki, akanitazama kwa macho yake yenye ukungu.

"Mwanangu anangoja niondoke tu, aipeleke," alisema. "Iweke chumbani kwako. Hakuna mtu anayeingia chumba cha mfanyakazi."

"Na bosi akiuliza, baba?"

"Sema hujui. Siku kumi tu. Wewe ni binti yangu, Rehema."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Karibu miaka miwili nilikuwa sijaitwa binti na mtu yeyote. Nilikuwa nimemnunulia mama yangu blanketi zito kule sokoni Balad, lenye picha ya chui, la kumpelekea nikienda likizo. Nikaikunja bunduki ndani ya blanketi lile, nikafunga kamba, nikalikumbatia mpaka chumbani kwangu.

Dereva wa nyumba alikuwa Ami Kombo, mtu wa Makunduchi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Ndiye aliyenifundisha kusema "halas", yaani basi, bila kuonekana nina hasira. Yeye ndiye aliyempeleka mzee uwanja wa ndege siku ile. Jumamosi yake naye alikuwa asafiri kwenda kwao kwenye harusi ya binti yake wa kwanza. Makaratasi yake ya kutoka yalikuwa tayari, na maboksi matatu yameshafungwa.

Alhamisi bosi aliomba ruhusa kazini ili aipeleke bunduki ikaandikwe. Akaingia sebuleni, akakuta misumari miwili na alama nyeupe ukutani.

"Bunduki mafi, haipo!" alipiga kelele. "Nani kaichukua?"

Tulitoka wote. Bosi alinitazama mimi kwanza. "Rehema, umeona mtu?"

"Sijui, bosi," nikasema. Ni maneno mawili tu, na niliyasema bila kigugumizi.

Ndipo akamgeukia Ami Kombo. Ndiye aliyebeba mizigo Jumanne, na ndiye mwenye maboksi ya safari. Yakaletwa uani, yakakatwa kamba palepale juani. Vikatoka viatu na nguo za watoto, sabuni, thermosi, na gauni la bibi harusi, refu, rangi ya dhahabu, likatandazwa juu ya sementi. Bosi alilikanyaga bila kuliona. Bunduki haikuwemo.

"Hutoki nchi hii mpaka ionekane," bosi alimwambia. Pasipoti ya Ami Kombo ilikuwa kwenye kabati lilelile la chuma. Madam akasema mzee aulizwe kwa simu, bosi akakataa. Baba yake alikuwa anaingia kwenye operesheni siku hiyo, na presha ikipanda madaktari wangeahirisha.

Mwanangu, nilisimama mlangoni mwa jiko nikamtazama mtu mzima akikunja nguo za watoto wake kutoka chini, moja moja, na mimi najua bunduki ilipo. Sikusema. Nilijiambia nimeahidi. Nilijiambia mzee atarudi na mambo yatajirekebisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Bunduki katika chumba changu, ndani ya mzigo wangu wa nyumbani, ingeonekana ya nani?

Ijumaa asubuhi Ami Kombo alikuja dirishani pa jiko.

"Rehema, una sindano na uzi?"

Nikampa. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kushona upindo wa lile gauni, uliochanika jana yake. Vidole vinene, vya usukani, vikihangaika na uzi. Hakuninunia. Alikuwa anavuta uzi na kuhesabu saa za ndege yake kwa sauti ndogo, kama mtu ambaye bado anatumaini kusafiri.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilikwenda chumbani, nikalibeba blanketi, nikaingia nalo sebuleni walipokuwa bosi na madam, nikalifungua juu ya zulia.

"Baba Awadh alinipa mwenyewe," nikasema. "Ami Kombo hana kosa."

Madam alishika kichwa. "Mwongo! Ameifunga kwenye blanketi la kupeleka kwao, halafu anasema amepewa!"

Bosi alikuwa ameshatoa simu kuita polisi. Nilimsihi ampigie baba yake kwanza, maana operesheni ilikuwa imekwisha. Sijui kwa nini alinisikiliza. Alipiga Riyadh, akaweka sauti ya juu, tukamsikia mzee akikohoa.

"Bunduki imeonekana kwa Rehema," bosi akasema.

Mzee akakohoa tena. Nikadhani atanikana. Yeye ni baba wa mwenye nyumba, mimi ni nani?

"Nilimpa mimi," mzee akasema. "Nami nilimwamuru aseme hajui. Kama kuna wa kupelekwa polisi, njoo Riyadh unichukue mimi. Nina jicho moja limefungwa, sitakukimbia." Halafu akauliza, "Mbona sauti zenu hivyo? Mmemfanya nini Kombo?"

Bosi akakata simu.

Saa hiyohiyo bosi alimrudishia Ami Kombo pasipoti yake, bila kumtazama usoni. Nilimfuata uani. Alikuwa anafunga maboksi.

"Mie nilijua toka Jumanne," aliniambia. "Nani hukumbatia blangeti Jeddah, joto kama hili? Nikasema, huyu mtoto ana homa, au ana bunduki."

"Mbona hukunisema, Ami?"

"Ningekusema mie, ungekuwa mwizi aliyekamatwa. Ukisema mwenyewe, wewe ni mtu aliyewekewa amana." Akakaza kamba kwa goti. "Lakini ulinichelewesha, Rehema. Ulinichelewesha sana."

Aliiwahi ndege yake. Baadaye nilisikia kwamba alama ya kiatu kwenye gauni haikutoka, na kwamba bibi harusi aliifunika kwa mtandio. Ami Kombo alirudi kazini baada ya miezi miwili na hakulitaja tena jambo lile. Mimi nilimpikia vizuri, chai yake nikaitia iliki nyingi, nikajidanganya kwamba hiyo ndiyo radhi. Kwa mdomo wangu sikuwahi kumwomba. Sasa yuko kaburini Makunduchi, na iliki haifiki huko.

Baba Awadh aliporudi Jeddah, hakungoja kusukumwa. Alivaa joho lake, akaishika bunduki mwenyewe, akamwambia mwanawe, "Yalla, nipeleke." Walipimwa, yeye na mwanawe. Macho ya mzee hayakufaa, hata baada ya operesheni. Bunduki ikaandikwa kwa jina la mwanawe, ikarudi ukutani kwenye misumari yake.

Jioni ile aliketi chini yake, nami nikamletea kahawa. "Karatasi sikuiogopa sana," aliniambia. "Niliogopa kuambiwa kwamba siwezi tena kuishika. Nao wameniambia." Mpaka leo nikisikia vijana wakiwacheka wenye bunduki wanaokataa kuandikisha, nanyamaza. Huenda sheria ni nzuri, na mimi naona ni nzuri. Kama gobori lile lingekuwa limeandikwa, lisingefichwa kwa mtu asiye na wa kumtetea. Lakini yule mzee hakuwa mhalifu. Alikuwa mtu anayeona kitu cha mwisho cha ujana wake kikiingia daftarini kwa jina lisilo lake.

Alikunywa nusu kikombe, akaniuliza, "Pasipoti yako iko wapi?"

"Kwa bosi, baba. Kwenye kabati la chuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nifike."

Aliinua uso kuitazama bunduki ukutani. Kisha akamwita mwanawe, akamwambia alete ufunguo. Bosi alianza kueleza kwamba ndivyo kila mtu afanyavyo, na mzee akainua mkono tu. "Halas. Ni jina lake limeandikwa mle, si lako."

Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi, inanuka chuma. Nikaenda nayo chumbani, nikaiweka ndani ya blanketi la mama.

Basi, mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Mtu akikupa kitu na kukuambia useme hujui, mrudishie palepale, hata akikuita binti yake, hata kama unampenda. Anayekupenda kweli anaweza kukuponza bila kukusudia. Ukiwa umeshakosea, sema mwenyewe, na sema leo, kabla mwenzako hajaketi juu ya ndoo akishona kilichochanwa kwa sababu yako. Usimcheke anayeogopa kuandikwa. Muulize kwanza ni nini anaogopa kupoteza. Karatasi zako zishike wewe. Na radhi iombe kwa mdomo, mtu akiwa hai na anakusikia.

Mungu akulinde katika nyumba za watu, akupe mwenzako mwenye subira kama Ami Kombo, nawe akupe moyo wa kutomchelewesha. Akufikishe kwenu salama, jina lako likiwa mkononi mwako na blanketi la mama yako likiwa na joto lake tu.